Ubani Penye Mawe ya Watu

Nimerudi juzi kutoka Nizwa, kwenye azaa, yaani matanga, ya Bi Moza binti Khalfan, mama wa mume wa mwanangu Ruweida, na tangu nirudi sijashika sindano. Kofia niliyoianza kabla ya msiba iko palepale juu ya mto, uzi wake unaning'inia. Kule Nizwa nilikaa chumba cha wanawake, pembeni, mahali ambapo ubaridi wa mashine haunipigi magoti, na finjani za kahawa zikapita mbele yangu na kurudi, na haluwa, na tende, na wanawake wakiingia na kupeana mikono kuanzia mlangoni mpaka ukuta wa mwisho. Skuli sikwenda mbali, lakini majina hayanitoki. Nilipoinuka siku ya mwisho nilikuwa nimeshawaweka wote kichwani: Zeyana binti Amur aliyekuwa akimimina kahawa, Thuwaiba aliyelia kwa sauti mpaka akanyamazishwa, Jokha na dada yake walioteremka kutoka Al Jabal al Akhdar na kikapu cha makomamanga. Karibu yangu alikaa bibi arusi mmoja mdogo, akamuuliza mwenziwe kwa Kiarabu, huyu kizee ni nani. Mwenziwe akamjibu kwamba ni mama wa Ruweida, Mzinjibari, lugha hasikii vizuri. Nikatazama finjani yangu. Mimi nasikia. Nimesikia tangu zamani, ila watu wa huku wakishaona kwamba huwezi kuwajibu upesi, wanadhani na masikio yako yamefungwa. Lipo jambo moja lililotokea baina yangu na Bi Moza ambalo nilidhani chumba kizima kile hakilijui, na chumbani tulikuwa wawili tu siku lilipotokea. Mwenzangu ameshazikwa. Nimeona niliandike.

Mwaka wenyewe ni wa katikati ya miaka ya tisini, mwaka wangu wa pili Ibra, huku Omani. Nilikuwa nakaa na Ruweida katika nyumba ya vyumba viwili ndani ya ua wa shemegi yangu Hamed bin Said, ndugu wa marehemu mume wangu, ukuta mmoja na majlisi yake ya kupokea wageni. Ruweida alikuwa mwalimu Mudhaibi. Basi la walimu lilimchukua mapema, kabla jua halijashika kuta, na likamrudisha baada ya adhuhuri, na baina ya saa hizo mbili nilikuwa peke yangu na sindano yangu na friji iliyokuwa ikinguruma kama mtu mwenye kifua. Si kwamba majirani walinidharau, nisiwasingizie. Walikuja asubuhi na chupa ya kahawa na sahani ya tende, wakaniuliza hali yangu, na habari zangu, na afya yangu, na hali ya binti, nami nikajibu yote kwa maneno niliyokuwa nayo, na yakaisha. Baada ya hapo tulikaa. Walizungumza wao kwa wao, nami nikacheka wanapocheka. Walipoondoka nilikwenda jikoni nikazungumza na sufuria. Nilikuwa nikiiambia, leo usinifanyie ukorofi, wali wa jana ulishika chini, mtoto akala ukoko akanyamaza kwa adabu tu. Ilikuwa sufuria yangu niliyoibeba kutoka nyumbani, ilikuwa inajua Kiswahili.

Chakula cha mchana ndicho kilichokuwa siku yangu. Nilipika mchuzi wa papa mkavu anayeletwa kutoka Sur, kwa tui la kopo maana nazi za huku zilikuwa zimekauka mpaka rohoni, na Ruweida alifika akavua viatu mlangoni kimoja huku na kimoja kule, akakaa mkekani na nguo zake za kazi, akaanza. Nani kagombana na mwalimu mkuu, mtoto gani kaleta kinyonga darasani, Shamsa kasema nini. Shamsa alikuwa mwalimu mwenzake, mtu wa Nizwa, na jina lake lilitajwa kwenye kila mlo. Nilikula polepole makusudi. Nilichambua miba ambayo haikuwapo, ili sahani isimalizike, kwa sababu ikimalizika ataosha mikono aende kusahihisha madaftari, na mimi lugha yangu itafungwa tena mpaka kesho. Nikikumbuka leo naona aibu kidogo, mtu mzima kumtegea mtoto wake kwa mwiba wa papa. Lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Kila Jumatano nilikwenda soko la wanawake, nikatandika kitambaa changu na kofia zangu za viua. Mwenzangu pale alikuwa Bi Sharifa, aliyezaliwa Bujumbura akarudi Omani na wanawe, na akiuza vitambaa na manukato. Kiswahili chake na changu havikuwa vya nyumba moja, tulichekana mchana kutwa. Yeye alisema mimi nasema kama mke wa liwali, nami nilimwambia yeye anasema kama mpiga honi. Siku moja aliniona namtaja Ruweida kwa mteja ambaye hata hakuuliza, akaweka rula yake chini, akasema, "Mama Ruweida, wewe uko na mutoto moja tu, na uko namushonea kwa nguo yako. Siku atasimama, nguo itapasuka, utabaki uchi hapa sokoni." Nikamwambia, weye pima vitambaa vyako. Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Mimi nilicheka pia, halafu nikarudi nyumbani nikakosa raha.

Posa ilikuja baada ya Mfungo Mosi. Shamsa alikuwa na kaka yake, Salim bin Nasser, kijana wa kazi ya umeme, na Bi Moza mama yao alikuja Ibra kumwona Ruweida na kuniona mimi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na shela yake nyeusi aliivuta karibu sana na uso, kama mtu anayeogopa upepo ndani ya nyumba. Niliweka visheti na vileja. Akachukua kimoja kimoja na kuniuliza jina lake, nikamtajia, akarudia kwa taabu, na kisheti kimoja akakifunga kwenye karatasi laini akakitia mkobani. Tulimaliza majina ya vitafunio na tukawa hatuna la kusema tena. Lakini ule ukimya haukunichosha kama wa majirani. Hakugeuka kuzungumza na mwingine. Alikaa nao pamoja nami.

Jioni ile Ruweida aliipiga pasi nguo ambayo nilikwisha kuipiga. Alikuwa ananipa mgongo. Akasema, "Mama, ukisema hapana, nami nitasema hapana. Wallahi sitakulaumu." Nikamwambia sijasema kitu. Akasema, "Ndiyo nakuuliza." Nikamwambia angalia pasi, utaunguza. Alikuwa na haki ya jibu, na jibu lilikuwa mdomoni. Kutoka Ibra mpaka Nizwa kwa gari si mbali kwa mwenye gari. Mimi gari sina, na sina wa kumwambia anipeleke kila roho ikitaka. Nilimjua mwanangu: alimtaka yule kijana, nilijua kwa jinsi alivyolitaja jina la dada mtu ili asilitaje la kaka. Basi asubuhi nikamwambia shemegi Hamed kwamba upande wangu hakuna neno.

Watu wa Nizwa wakatualika. Shemegi Hamed alituendesha mwenyewe, siku ya Alkhamisi ya majira ya baridi, na tulipofika wanaume wakaingia majlisi yao na sisi tukaingia ndani. Chakula kilikuwa bokoboko la kuku, limepondwa mpaka linavutika, na samli juu yake, na baada yake machungwa. Nyumba ilikuwa safi na baridi na milango yote wazi isipokuwa mmoja, mwisho wa ukumbi. Nilimwona Bi Moza kila akipita na sahani anapunguza mwendo penye mlango ule. Tulipokuwa tunaosha mikono Shamsa alimnong'oneza Ruweida, na Ruweida akaninong'oneza mimi kwa Kiswahili. Kile kilikuwa chumba cha Hilal, mtoto wa kwanza. Gari lake lilichukuliwa na wadi, mto wa mvua, iliposhuka ghafla, miaka michache nyuma, na baba mtu, Mzee Nasser, mtu wa dini na wa msimamo, alisema amana ya Mungu imerudi kwa Mwenyewe, na kuililia zaidi ya siku zake ni kumgombeza Aliyeitoa. Basi jina halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Hata yeye Bi Moza, aliyeitwa Umm Hilal, yaani mama Hilal, tangu alipokuwa msichana wa miaka kumi na kitu, watu walianza kumwita Umm Salim. Shamsa alisema haya huku akitazama bomba la maji, akafunga bomba, akasema kwa sauti kubwa sasa twendeni tukawaonyeshe wageni mawe.

Mawe yenyewe yako chini ya mlima, nje ya mji, mahali ambapo barabara ya lami inaisha na changarawe zinaanza. Serikali ilikuwa imezungushia waya bonde zima, ikaweka kibao na ikamweka mlinzi, Mzee Sleyum bin Abdalla, mwenye bakora na ndevu nyekundu za hina. Alikuwa amekaa chini ya mgunga, na dele lake la kahawa juu ya makaa. Watu wa pale walipaita Mawe ya Watu. Salim, aliyetuendesha, alibaki garini kwa adabu, na sisi wanawake tukaingia na Mzee Sleyum mbele, anaonyesha kwa bakora bila kugusa. Nilidhani nitaona mawe. Niliona mbuzi wa mlimani wenye pembe zilizopinda mpaka mgongoni, na ngamia, na watu juu ya farasi, na alama kama zile wanazowachoma ngamia kuwatambua, vyote vimegongwa juu ya jiwe jeusi kwa jiwe jingine, kimoja juu ya kimoja, kama ukuta wa skuli wenye majina ya watoto waliokwisha kukua. Ruweida akauliza nani kachora. Mzee Sleyum akasema, watu wa kabla. Kabla ya nini? Akafikiri, akasema kabla ya sisi kujua kuuliza.

Katikati ya bonde kulikuwa na jiwe kubwa kama nyumba, na juu yake watu wazima kwa kimo chao, wamechongwa wakatokeza, nyuso zimeliwa na jua. Mmoja alikuwa mwanamke, utamjua kwa kiuno. Ubavuni pake kulikuwa na mdogo, mkono wake umeinuliwa kuelekea mkono wa mkubwa, na mikono ile miwili haikugusana. Ilibaki nafasi ya kidole. Vijana walitaka kupanda juu kuona farasi zaidi, Mzee Sleyum akaenda nao, na mimi magoti yangu yakasema basi. Nikakaa. Nikamfikiria yule aliyechonga. Kazi ile si ya siku moja. Alikaa hapa na jua lake na jiwe lake, ngo, ngo, ngo, na sidhani kama alikuwa na mtu wa kuzungumza naye, kwani mwenye wa kuzungumza naye hapati muda wa kufanya kitu kama kile. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nilihisi nimekaa na mtu wa aina yangu.

Bi Moza hakupanda na wenziwe. Alisimama mbele ya jiwe kubwa, halafu akanigeukia akaniuliza kama nina ubani. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Ninao siku zote, nilikuwa nimeufunga kwenye pembe ya kanga yangu chini ya abaya, pamoja na kipande cha udi, ndivyo tulivyolelewa. Nikafungua nikampa. Lazima nieleze hapa, asije mtu akashangaa: huku Omani ubani ni wa kila nyumba, magharibi huwezi kupita kichochoro bila kuunusa. Lakini kuufukiza nyumbani ni jambo moja, na kuufukiza mbele ya sura ya mtu iliyochongwa ni jambo jingine kabisa, hilo watu wa Nizwa hawana mchezo nalo. Bi Moza alijua kuliko mimi. Akaenda penye makaa ya Mzee Sleyum, akachukua kaa kwa kifuniko cha kopo, akaliweka miguuni pa yule mdogo, akatia ubani. Moshi ukapanda. Akasema, "Hilal." Akanyamaza, kama anasubiri. Akalitaja tena, jina lake na la babake, halafu akaanza kumsemesha, na Kiarabu chake kilikuwa chepesi kama anavyosemeshwa mtoto, ndiyo maana nilikisikia chote. Hakuomba kitu. Alimuuliza kama anasikia baridi. Alimwambia nguo zake ziko vilevile, na kwamba Salim anataka kuoa, na binti ni mzuri, mamake anatengeneza kitu fulani kitamu, na jina la kisheti likampotea, akanitazama. Nikamwambia, kisheti. Akamwambia, kisheti.

Moshi ulikuwa unaanza kulitia jiwe weusi. Nikainama nikakiondoa kile kifuniko, na yeye akaivuta shela akajifunika uso wote akalia, bila sauti, mabega tu. Hapo ndipo Mzee Sleyum aliposhuka. Alimwona Mzinjibari kashika kaa linalofuka, kalielekea jiwe. Alimwona mwanamke wa Nizwa, mke wa rafiki yake, kajifunika uso kama aliyeona jambo la kutisha. Hakunipigia kelele. Alisema hii ni amana ya serikali, na moshi hautoki, na kwamba hapa haabudiwi mtu. Nilikuwa na maneno yote kwa Kiswahili. Kwa Kiarabu yalikuja matatu, na hakuna hata moja lililofaa. Nikangoja Bi Moza aseme. Hakusema. Ndani ya gari Ruweida akaniuliza kwa sauti ya chini kulikuwa na nini, nikamwambia nilikuwa nafukuza mbu. Akasema, "Mama, baridi hii hakuna mbu." Nikamwambia wa huku wakaidi.

Mzee Sleyum na Mzee Nasser walikuwa wakisali msikiti mmoja. Simlaumu mlinzi, kaona alichoona, na habari za watu wa Unguja na Pemba na uganga wetu zilikuwa zimeshafika Omani kabla yetu sisi wenyewe. Wiki ile Shamsa hakukaa na Ruweida skuli. Wiki ya pili alimsalimia kwa kichwa. Mlo wetu ukawa wa kimya, mwanangu anazungusha wali kwa vidole, na mimi nina papa mkononi na sina haja tena ya kumchelewesha, maana hakuwa na haraka ya kwenda popote. Nilimtaka anizungumzie, na alikuwa hana la kusema. Shemegi Hamed alipita uani akinitazama pembeni. Mke wake alikuja kuniuliza, kwa upole kabisa, kama kwenye chumba changu kuna kitu chochote kilichozikwa.

Halafu wakaja. Ilikuwa baada ya alasiri, Ruweida bado hajarudi kwa sababu walimu walikuwa na mkutano. Mzee Nasser na ndugu yake waliingia majlisi kwa shemegi Hamed, na Bi Moza aliletwa kwangu, maana mwanamke akija na wanaume lazima awekwe mahali. Chumba changu na majlisi viligawanywa na mlango wenye pazia tu. Nikapeleka chupa ya kahawa mpaka kwenye pazia, mkono wa shemegi ukaipokea. Nikasikia ikimiminwa. Nikasikia finjani zikiwekwa chini, na sikusikia mtu akinywa. Hapo nikajua, kwa kuwa mgeni wa huku akija na jambo zito huiweka finjani yake chini imejaa mpaka jambo liishe. Nikatazama finjani niliyompa Bi Moza. Na yeye alikuwa ameiweka chini.

Mzee Nasser alisema vizuri, kwa heshima, hakumtukana mtu. Alisema binti hana kasoro, na wao wamempenda. Lakini nyumba yake ni nyumba ya watu wanaomwogopa Mungu, na mama wa binti ameonekana akifukizia sanamu, na mjukuu hufuata alikotoka mamake.  Shemegi Hamed alikuwa mtu mwema, na aibu ilikuwa imemshika. Mwishowe akasema wale waliokulia kule wana mambo yao, na yeye hawezi kuyajua yote, na hawezi kumlazimisha mtu. Walikuwa wanazungumza kwa sauti ya kawaida. Hakuna aliyedhani kwamba nyuma ya pazia mimi nami nasikia.

Nilipokaa pale nilikuwa nimebaki na kilemba cha ile chupa ya kahawa, kile kifuniko chake, nakizungusha mkononi. Na nitasema kweli, si huzuni iliyonijia kwanza. Ilinijia raha. Niliona kwamba nisipofanya kitu chochote, nikikaa tu kama nilivyokaa mwaka mzima, mwanangu atabaki. Hatakuja mwingine kumposa upesi, jina likishatoka halirudi. Atakuja na basi kila siku baada ya adhuhuri, atavua viatu kimoja huku na kimoja kule, na sitakuwa nimemzuia mimi. Wamemzuia wao. Nitamfariji, nitampikia. Nikaiona miaka yote imepangwa mbele yangu, sahani mbili, sahani mbili. Mbele yangu Bi Moza alikuwa kainamisha kichwa, shela imefika puani, na vidole vyake vimeshikana. Alikuwa anasikia yote, kama mimi. Ningeweza kusimama kumtaja, lakini nani angeniamini, na kama wangeniamini ningekuwa nimemvunjia nyumba yake. Nikamtazama. Nikayatafuta maneno moja moja, nikayapanga, na nilipoyapata nikamwambia polepole, kwa Kiarabu changu kilichopinda:

"Binti yangu anamtaka mwanao."

Sikumwambia jingine. Akainua uso. Kule ndani Mzee Nasser alikuwa ameshaanza yale maneno ya kuagia, Mungu awaruzuku kheri na sisi atupe kheri. Bi Moza akasimama. Alikwenda mpaka kwenye pazia, hakulifungua, akasimama pua yake karibu inagusa kitambaa. Nilimwona anashika ukuta.

"Ubani niliufukiza mimi," alisema. "Huyu alinipa tu nilipomwomba. Nilitaka kumtaja Hilal mahali ambapo hakuna wa kuninyamazisha."

  Nilimwogopea yule mwanamke. Nilifikiri, sasa nimeharibu nyumba mbili badala ya moja. Ndugu yake Mzee Nasser akakohoa. Halafu nikamsikia Mzee Nasser, sauti si ile ya mwanzo, sauti ya mzee aliyechoka, akasema, "Kaa, Umm Hilal. Kaa unywe kahawa yako." Na nyuma ya maneno yale nikasikia finjani ikiinuliwa. Bi Moza akarudi akakaa. Akainua finjani yake, kahawa ikammwagikia kwenye abaya, nikampangusa kwa kanga yangu.  Ruweida alipofika, viatu vyake vikaanguka mlangoni, akaona viatu vya wageni, akaingia akatukuta tumekaa sako kwa bako kama watu waliotoka safarini. Akanitazama mimi kwanza. Nikamwambia nenda kanawe uso, wakwe zako wapo.

Aliolewa kabla ya Ramadhani. Bi Sharifa alikuja na wanawake wa sokoni, wakaimba na kupiga vigelegele mpaka mke wa shemegi naye akajaribu, kikamtoka kigelegele kama cha kuku, tukacheka. Yale mawe yamebaki. Miaka iliyofuata, mpaka magoti yangu yalipokataa kabisa, kila majira ya baridi Bi Moza alimwambia Salim atupeleke, na tulikaa mbele ya jiwe kubwa bila ubani, na Mzee Sleyum alituletea kahawa na hakuwahi kusema neno. Alama ya moshi niliitafuta kila mwaka, na kila mwaka niliiona, ndogo, kwenye unyayo wa yule mdogo. Kiarabu changu kilikua kidogo, Kiswahili chake hakikukua, zaidi ya visheti na vileja. Watu walidhani hatuna la kusema. Ni kweli hatukuwa nalo.

Na mwaka ule wenyewe ulipomalizika nilikuwa peke yangu sawasawa. Siku Ruweida alipoondoka gari liligeuka kona ya msikiti, nami nikaingia ndani, nikakuta mkeka umetandikwa na hakuna wa kuukalia. Nilijifunza polepole kupika kidogo. Nilijifunza kula bila kusimuliwa. Nilijifunza kwamba simu ya Ijumaa haijazi wiki, lakini inaishikilia isianguke. Wakati mwingine nilikasirika, nikajiambia mbele ya sufuria, ungekaa kimya siku ile, mwanamke wee, usingekuwa hapa unanung'unikia chuma. Hasira ikapoa. Haikwisha, ilipoa.

Siku ya mwisho ya azaa Ruweida alinisindikiza mpaka kwenye gari la mtoto wa shemegi. Ana mvi sasa, mwanangu, na miwani. Alinifunga mkanda wa kiti kama mtoto, na baada ya kunifunga hakuondoka. Alisema Umm Hilal alimwita hospitali kabla hajazidiwa, akamweleza yote, mawe na ubani na pazia, na neno nililomwambia. Nilimwacha aseme. Mlango wa gari ulikuwa wazi, na ndani ya nyumba walikuwa wanamwita kwa ajili ya vyombo.

"Mama," akasema, "mwaka ule ulitaka niende?"

"Sikutaka," nikamwambia. "Sikutaka hata kidogo."

Akaivua miwani akaishika. Akauliza mbona sikumwambia, miaka yote hii, hata mara moja.

"Ungebaki," nikamwambia, na nikauvuta mlango.